Kupamba Rafu ya Juu ya Meko Wakati wa Kipupwe kwa Vitu Vilivyomo Nyumbani

Katika mkoa wa Tanga, nyumba zenye meko ya kuotea moto ukutani ziko zaidi milimani, hasa Lushoto na vitongoji vyake. Wajerumani, waliouita mji huo Wilhelmstal, na walowezi waliokuja baada yao walijenga kwa mawe na kuweka dohani kwa sababu ya baridi. Lushoto imo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku wake huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10 za selsiasi, huku ukungu ukikawia mabondeni asubuhi. Huo ndio wakati ambao watu wa nyumba hukusanyika mbele ya moto, na macho yao, watake wasitake, hutua kwenye ile rafu iliyo juu ya meko. Macho hayana pazia: rafu iliyojaa chaja za simu, risiti za umeme na chupa tupu za dawa huonwa na mgeni kabla hajamaliza kusalimia.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipamba rafu hiyo bila kununua kitu, kwa kufuata majira ya hapa na si ya kwingine. Picha nyingi za rafu za namna hii huonyesha mapambo ya Desemba ya Ulaya na Marekani, yaani theluji ya pamba, soksi nyekundu na matawi yaliyonyunyiziwa unga mweupe. Huko Desemba ndiyo baridi yenyewe. Kwetu Desemba ni kaskazi, watu wa Lushoto wanakula plamu na madirisha yako wazi, na pwani hakuna anayetaka hata kusikia habari ya moto. Theluji ya pamba haina mashiko katika nyumba ya Tanga mwezi wowote ule, na zaidi ya hayo pamba hushika moto upesi mno kuwekwa juu ya meko yanayowaka. Kipupwe kina vitu vyake, na vingi kati ya hivyo vimo ndani tayari.

Kabla ya kupanga chochote

Ondoa kila kitu kwenye rafu, hata kile unachoamini kitarudi palepale, kwa kuwa jicho lililozoea kitu halikioni tena. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu kwanza, ndipo ufuate na kitambaa kilichokamuliwa vizuri; masizi yakikutana na maji mengi huwa tope jeusi linaloingia katika mbao au chokaa, na hapo hayatoki mpaka upake rangi upya. Kama ukuta ulio juu ya rafu una weusi unaopanda kuelekea darini, dohani haivuti sawasawa, nayo ifagiliwe kwanza, maana moshi uleule utakivaa kila utakachokiweka.

Kisha pima joto. Washa moto wa kawaida, ule unaouwasha kila jioni, uache uwake kwa saa nzima, halafu weka kiganja juu ya rafu, katikati na kwenye ncha zote mbili. Mahali ambapo kiganja kinatulia bila shida panafaa kwa karibu kila kitu. Mahali ambapo unatamani kukiondoa pasiwekwe mshumaa, majani, kitambaa wala picha ya karatasi. Hapo ni mahali pa udongo, chuma na mawe. Aghalabu katikati ndiko kwenye joto zaidi, nako ndiko kila mtu hukimbilia kuweka maua.

Kanuni za ujenzi zinazofuatwa sana Marekani hukataza mbao kuwekwa ndani ya inchi 6, yaani takriban sentimita 15, kutoka kwenye ukingo wa mdomo wa meko. Hizo ni mbao, ambazo haziwaki kwa cheche moja. Kwa majani makavu, ukindu, katani na kitambaa ningetaka umbali huo uwe angalau mara mbili, na kitu chochote kinachoning'inia kishuke pembeni tu, nje ya mdomo wa meko, kamwe si mbele yake.

Yako pia meko ambayo dohani yake imezibwa miaka mingi, na wakati wa baridi watu huingiza jiko la mkaa ndani yake wakidhani moshi utapata njia. Jambo hilo ni la hatari. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya baridi hakina pa kuitolea. Meko ya namna hiyo yapambwe yakiwa baridi kabisa, na hupendeza.

Kuzunguka nyumba na ungo

Chukua ungo mtupu uzunguke chumba kwa chumba. Usichague kwa kuangalia kama kitu ni kizuri. Angalia umbo lake na kile kilichotengenezewa, ili mwishoni uwe na kirefu, kipana na cha duara, cha shaba, cha udongo, cha mbao na cha ukindu. Jikoni utapata sinia kubwa la pilau, kinu kidogo cha viungo, kata ya kifuu, mbuzi ya nazi iliyokwisha meno, na chungu cha Kisambaa kilichopata ufa kisichopikiwa tena. Kwenye kabati la vyombo lipo dele la kahawa na vikombe vyake, pengine na kawa iliyosukwa kwa ukindu wa rangi. Stoo haikosi taa ya chemli, kibuyu, bao lililopoteza nusu ya kete zake, na kamba ya katani. Mkoa uliopokea mkonge mwaka 1893, pale mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dkt. Richard Hindorf, alipouleta upande wa Pangani, una kamba hiyo karibu kila nyumba.

Vingi kati ya vitu hivi vina mwenyewe. Mrashi na chetezo mara nyingi ni vya bibi au vya mama mkwe, vimelala sandukuni vikisubiri harusi, na haifai avikute rafuni bila kuambiwa. Nenda kwake asubuhi, mwamkie, mweleze kuwa unaviazima hadi Agosti na kwamba vitakaa mbali na moto. Akikataa, usijaribu tena kwa kuwatuma wajukuu. Kwa kawaida hukubali, tena hukuongezea na kitu cha pili ambacho hukujua kuwa anacho.

Kuhusu makombe na matumbawe, yatumike yale yaliyomo nyumbani tangu enzi za babu, na mengine yaachwe baharini. Pwani ya Tanga ina Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (aina ya samaki wa kale), iliyoanzishwa mwaka 2009, na matumbawe mengi hukua polepole mno kuweza kufidia yanayong'olewa kwa ajili ya kupamba kuta.

Shaba inahitaji kazi kidogo. Kwanza ipime kwa sumaku: sumaku ikinasa, ndani ni chuma kilichopakwa, na ukikisugua sana utakivua ngozi. Ikiwa ni shaba kweli, loweka kipande cha ukwaju katika maji ya vuguvugu machache mpaka upate uji mzito, ulipake dele lote, uliache dakika kumi hivi, halafu usugue kwa kitambaa laini ukifuata mduara wa tumbo lake na si juu na chini. Weusi utatoka mkononi mwako kabla hujauona ukitoka kwenye dele. Suuza, likaushe kabisa, kisha chukua majivu ya meko yenyewe, yaliyochekechwa kwa chujio la chai, ulipitishe kwa kitambaa kikavu ili ling'are. Lakini usiingize kitambaa katika mistari ya nakshi shingoni na kwenye mdomo. Weusi ukibaki mle ndani, nakshi husomeka hata kutoka upande wa pili wa chumba. Ukiutoa wote, dele zima huwa na rangi moja na kazi ya fundi hupotea.

Kupanga sakafuni, kisha juu

Pima rafu, halafu chora kwa chaki sakafuni mstatili wa kipimo hichohicho. Tuseme ni sentimita 150 kwa 20. Panga kila kitu humo kwanza, kwa kuwa sakafuni unaweza kubadili mara nyingi upendavyo bila kuvunja kikombe cha mtu. Unapoangalia, usisimame. Watu huitazama rafu ya meko wakiwa wameketi, na rafu iliyo karibu sentimita 130 kutoka chini iko juu ya macho ya mtu aliye kwenye kochi. Kwa hiyo vitu vifupi vilivyosogezwa nyuma havionekani kabisa. Ama viletwe mbele, vikiacha vidole viwili kutoka ukingoni, ama viinuliwe kwa kibao au kitabu cha zamani kilichofunikwa kitambaa.

Anza na kitu kimoja kikubwa kitakachobeba vingine. Sinia la kipenyo cha sentimita 60 au 70, likisimamishwa kwa kuegemezwa ukutani, ni zuri kuliko picha yoyote, maana hupokea mwanga wa moto na kuurudisha chumbani. Ili lisiteleze, kata vipande viwili vya mpira wa ndani wa baiskeli uviweke chini yake. Kioo nacho chafaa, ila kaa kwanza kwenye kochi uone kinaakisi nini. Vioo vingi juu ya meko huonyesha balbu tupu na lile doa la dari lililovuja masika iliyopita. Kitu hiki kikubwa si lazima kikae katikati. Binafsi hupendelea kikae theluthi moja kutoka upande mmoja, kwa sababu katikati hufanya rafu ifanane na jukwaa la wageni rasmi.

Upande ulio mbali na sinia weka kitu kirefu chembamba, kwa mfano chemli au kibuyu cha shingo ndefu, ili mizani isilale. Kisha shuka kwa ngazi: dele mbele kidogo ya sinia, likilifunika kwa sehemu ndogo, na vikombe vitatu karibu yake, viwili vimegusana na cha tatu kimejitenga. Kugusana na kufunikana huku ndiko kunakofanya vitu vionekane kuwa ni vya nyumba moja. Vikitenganishwa kwa nafasi sawa huwa duka la vyombo. Makundi ya vitu vitatu au vitano hukaa vizuri kuliko ya viwili au vinne. Na sehemu moja kwa tatu ya rafu iachwe wazi. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwani kila aliyezunguka na ungo hutaka kuonyesha vyote alivyovipata. Vilivyobaki virudi vilikotoka.

Rangi isiwe nyingi. Shaba, kahawia ya udongo na mbao, na rangi moja ya moto inayotoka kwenye kanga, zinatosha. Kanga ya kawaida ina urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa takriban 110. Ikikunjwa tabaka nne kwa urefu hutoa mkanda wa sentimita 27, unaofunika kina cha rafu na kuacha pindo la sentimita 7 likishuka mbele. Kama kutoka ukingo wa rafu hadi mdomo wa meko hakuna nafasi ya kutosha, pindo lisishuke. Likunjwe lilale juu. Kikoi hukunjwa hivyohivyo, na mistari yake hutulia zaidi kwa rafu iliyo na vitu vingi vya nakshi. Ukitaka jina la kanga lionekane, lichague kwa hadhari. Zile za mafumbo, zilizonunuliwa kwa ajili ya jirani, zibaki chumbani, isipokuwa kama jirani ndiye mgeni unayemtarajia.

Koni, machungwa na viungo

Rafu iliyopambwa kwa vyombo pekee ni nzuri lakini haina majira. Kipupwe huingia kwa vitu vya shambani na msituni, navyo havihitaji kununuliwa.

Koni za msonobari zimetapakaa chini ya miti milimani, na wa pwani wana vile vidogo vya mvinje, ambavyo vikitungwa kwa uzi hufanya mkufu mzuri kuliko ukubwa wake unavyoahidi. Koni ikiokotwa asubuhi ya ukungu huwa imejifunga, magamba yameshikana na ina unyevu unaousikia ukiipima mkononi. Iweke ndani karibu na joto na jioni utaanza kusikia mlio mdogo mkavu, gamba moja baada ya jingine likifunguka, na mbegu nyembamba zenye bawa zikidondoka kitambaani. Irudishe nje kwenye ukungu, nayo itajifunga tena. Ili wadudu waliomo wafe na utomvu ukauke, zitandaze kwenye trei na uzitie katika tanuri la nyuzi 100 kwa nusu saa, ukiwa umesimama hapohapo, kwani utomvu huwaka. Asiye na tanuri azianike juani siku kadhaa na kuzikung'uta.

Machungwa ya Muheza hupatikana kwa wingi katika msimu huu. Yakate kwa upana, vipande vya nusu sentimita, uyabonyeze kwa kitambaa kuondoa maji, kisha yaanike kwenye wavu ili hewa ipite juu na chini. Pwani jua litayakausha. Lushoto halitoshi, na ni afadhali tanuri la nyuzi 100 kwa saa tatu hadi nne, ukiyageuza kila saa. Kipande kilichokauka hupitisha mwanga na hakinati kidoleni. Vitunge kwa shazia kwenye katani, ukifunga fundo kila upande wa kipande, na mkufu huo uupitishe juu ya rafu, ncha zake zishuke pembeni.

Chungwa zima hupambwa kwa karafuu, jambo ambalo watu wa Ulaya wamelifanya kwa karne nyingi na ambalo sisi, wenye viungo vya milima ya Amani kwa majirani, tumewaachia bila sababu. Toboa ganda kwanza kwa kijiti, maana karafuu ikisukumwa kavukavu hukatika shingo. Acha nafasi kati ya karafuu na karafuu, kwa sababu chungwa hunywea likikauka. Ukimaliza, liviringishe katika mdalasini uliosagwa, na kila siku ulitazame upande wa chini: likianza kuota ukungu, litupe. Likivuka wiki mbili au tatu bila kuoza, litakuwa gumu na litanukia msimu wote.

Majani mabichi ya msonobari, mwerezi na mkaratusi yana mafuta, ndiyo sababu hunukia, na ndiyo sababu yakikauka huwaka kwa kishindo. Yakae ncha za rafu tu na yabadilishwe kila wiki. Jani likikatika badala ya kupinda, muda wake umekwisha. Kangaga hazifai, hunyauka usiku mmoja.

Mwanga

Moto wenyewe ndio taa kuu, na kazi ya mapambo ni kuupokea. Chemli ikae bila kuwashwa ikiwa iko karibu na majani. Umeme ukikatika, ishushwe mezani. Mshumaa uwekwe katika kisahani cha udongo chenye mchanga, pasiwe na kitu kinachoning'inia juu yake, na uzimwe kila mtu anapotoka chumbani. Chetezo chenye makaa na udi kikae chini, kwenye mawe ya mbele ya meko, na si rafuni juu ya kanga. Kama meko hayawashwi, panga ndani yake magogo yaliyokatwa kwa msumeno, vichwa vikitazama chumbani, na mbele yake chungu kilichojaa koni.

Kwa wakaao Tanga mjini

Nyumba za mjini hazina meko wala haziyahitaji, lakini kipupwe kinafika na upepo wa kusi unavuma. Yote yaliyosemwa yanaweza kufanywa katika shubaka la ukutani, juu ya kabati la vyombo au kwenye kizingiti kipana cha dirisha, tena bila hofu ya cheche. Tofauti ni mbili. Upepo huangusha vitu vyepesi, kwa hiyo kibuyu kitiwe mchanga na sinia lifungwe kwa katani kwenye msumari. Na hewa ya chumvi huifubaza shaba mapema. Baada ya kuisugua, ipake mafuta ya nazi kidogo sana kwa kitambaa, kiasi cha kutoacha alama ya kidole. Shubaka, kwa kuwa lina kina na kivuli, lisiwekwe zaidi ya vitu vitatu, na kile cha shaba kiwe nyuma.

Kutunza na kushusha

Karibu na moto vumbi na majivu hurudi kila siku mbili tatu, na brashi laini ya rangi huyatoa kwenye ukindu na nakshi kuliko kitambaa. Mwisho wa Agosti shusha vyote. Mkufu wa machungwa na koni hauwekwi hadi mwaka ujao, kwa sababu mende na fukusi wataumaliza. Koni ni viwashio vizuri vya moto wa mwisho, na vipande vya machungwa vitupwe shambani. Kanga ifuliwe ili kutoa moshi, katani ikunjwe irudi stoo. Mrashi na chetezo virudishwe kwa mwenyewe kwanza, vikiwa vimeng'arishwa, kabla hajatuma mtu kuvidai.